Ile ya Buluu na Ile Nyekundu: Siku Nne za Kutafuta Trekta

Tangu turudi, siwezi kufika kituo cha maziwa bila mtu kunishika mkono. "Mwalimu Kerubo, ni kweli wewe na Mzee Kibet mlikula mahari ya watu huko Naivasha?" Nimejibu mara nyingi mpaka sasa kila boma lina hadithi yake. Hatukula mahari. Tulikula chakula cha wakwe, na hayo ni mambo mawili tofauti. Kwa hivyo nimekaa mezani niandike yote, tangu tulipotoka hadi tuliporudi. Mambo ya benki na sahihi nayaacha. Yamo kwenye faili na yanachosha.

Kwa wasiotujua, sisi ni familia kumi na mbili tunaolima viazi, ngano na njegere upande wa juu wa Mau Narok. Msimu uliopita tulikodi trekta ya mtu, ikatufikia mvua ikiwa imeshapiga majuma mawili. Wengi wetu tulivuna viazi vya ukubwa wa gololi. Ndipo tukakata shauri kununua yetu. Zikapatikana mbili, zote zimeshatumika, zote za ukubwa wa wastani: moja ya buluu Nakuru, nyingine nyekundu Naivasha. Picha zake zilizunguka kwenye simu zetu mwezi mzima. Ya buluu ilikuwa mpya zaidi, na inavuta kwa magurudumu yote manne. Nyekundu ilikuwa ya zamani, nyepesi, ya aina ambayo fundi yeyote wa kando ya barabara anaifungua na kuifunga huku akipiga soga. Tulipopiga kura, sita walitaka buluu na sita walitaka nyekundu. Mimi nilikuwa wa nyekundu. Basi wakasema mwenyekiti, yaani mimi, aende akaone kwa macho yake, na atakayoichagua ndiyo hiyo, ila asimame nayo mwenyewe ikiharibika.

Maneno hayo ya mwisho yalininyima usingizi kuliko yote.

Mau Narok hadi Nakuru, juu ya magunia

Nilipewa Mzee Kibet anisindikize. Ameendesha matrekta kwenye mashamba makubwa ya ngano karibu maisha yake yote, na matrekta hayo yamemlipa kwa kuondoka na sikio lake la kushoto. La kulia linasikia likitaka. Jambo jingine la kujua juu yake ni kwamba trekta kwake si kitu. Hasemi "hii" wala "hiyo." Husema "huyu." "Huyu amechoka." "Huyu analia mahali." Naomba mkumbuke hilo, maana ndilo lililotuponza.

Ijumaa asubuhi tulipanda lori la jirani lililopeleka viazi mjini. Mimi nilipewa kiti mbele, Mzee Kibet akachagua kukaa juu ya magunia ili avute hewa. Karibu na Njoro gurudumu la nyuma lilipasuka, na jeki haikuwapo. Dereva akaenda kuitafuta kwa miguu. Tukakaa kando ya barabara saa tatu nzima.

Mama mmoja mwenye kikapu akasimama, akamtazama mzee aliyekaa juu ya viazi kama mfalme. "Mzee, debe ni ngapi?"

Sikio la kushoto ndilo lililokuwa upande wake. Mzee Kibet alisikia "ngapi" tu. Akakunja mkono wa koti, akatazama saa yake. "Tano na nusu."

"Mia tano na nusu? Kwani hizi viazi mmechimba na dhahabu?"

"Ndiyo," akasema mzee kwa upole, "na jua linazidi."

Nilishuka nikaeleza, lakini mama alikuwa ameshaenda akitikisa kichwa, na nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba watu wa Mau wameingiwa na kiburi. Tulinunua mahindi ya kuchoma yenye pilipili na ndimu, tukala tukitazama magari ya wenzetu yakipita. Jeki ilipofika, niligundua kwamba sikuwa nimewaza juu ya kura hata mara moja. Ilikuwa raha.

Section 58, kwa Mama Zuhura

Tuliingia Nakuru saa tisa alasiri. Mwenye trekta ya buluu ni mjane anayeitwa Mama Zuhura. Babu yake alitoka Mombasa kuja kufanya biashara, na wao wakabaki Nakuru moja kwa moja. Marehemu mumewe alikuwa akikodi mashamba Subukia, analima mahindi. Trekta aliyoiacha ilikuwa uani kwake, mtaa wa Section 58, chini ya turubai, katikati ya kamba za nguo.

"Karibuni, karibuni. Mzee, pita. Dada, usivue viatu, uani ni vumbi tu," alisema, akaondoa turubai kwa mkono mmoja kama mtu anayefunua sufuria ya pilau.

Jamani, ilikuwa nzuri. Picha hazikuitendea haki. Ndefu, pana, magurudumu ya mbele yenye meno makali kama ya nyuma. Mzee Kibet aliizunguka mara mbili. Akaomba iwashwe. Kisha akatoa bisibisi ndefu mfukoni, akaweka ncha yake juu ya injini na kushika mpini kwa meno. Hivyo ndivyo anavyosikiliza siku hizi. Anasema mifupa ya taya haijawahi kumdanganya. Injini ilipoguruma, mashavu yake yakaanza kutetemeka, kofia ikateremka mpaka kwenye nyusi.

Mama Zuhura, aliyekuwa ameingia jikoni kuangalia chai, alitoka akaona mzee wa watu anatikisika na chuma mdomoni.

"Yarabi! Kashikwa na umeme!" Akamvuta kwa ncha ya koti, mzee akaanguka kitako kwenye beseni la nguo zilizolowekwa.

Tulicheka mpaka jirani akachungulia ukutani. Mzee Kibet naye alicheka, akiwa amelowa mpaka kiunoni, na jioni ile yote alikaa amevaa kikoi cha marehemu huku suruali yake ikikauka kwenye kamba. Kikoi kilimkaa vizuri.

Lakini kulikuwa na jambo. Kwenye dashibodi kulikuwa na taa nyekundu, na injini ilipowashwa taa ile haikuzimika. Mzee Kibet aliitazama kama mtu anayemtazama nyoka.

"Sitawaficha," alisema Mama Zuhura, akitumiminia chai ya iliki. Mezani palikuwa na mahamri na mbaazi za nazi. "Taa hiyo ina mwaka sasa. Mafundi wawili wamekuja. Mmoja kasema ni pampu, mwingine kasema ni ubongo wa gari wote umeungua. Ndiyo maana haijauzika. Mtu akiiona anakunywa chai yangu, anaaga."

Nilimgeukia Mzee Kibet. "Unasemaje?"

"Moyo wake mzima kabisa," alisema. "Lakini kichwa chake sikijui. Mimi ni wa spana, Mwalimu. Hawa wa kompyuta wakinyamaza, wamenyamaza."

Mama Zuhura alitukataza katakata tusilale hotelini. Nililala chumba cha binti yake aliyeolewa, nikiwa nimetulia, maana jibu nililiona limejileta lenyewe: nyekundu.

Naivasha, tulipokula kwanza na kuulizana baadaye

Njia ya Nakuru hadi Naivasha wengi wenu mnaijua. Jumamosi asubuhi punda milia walikuwa wengi karibu na Elementaita, na Mzee Kibet alisema wakulima wavivu wale, wamenenepa bila kushika jembe. Saa sita kasoro tulikuwa mbele ya lango la kijani, nje kidogo ya mji, upande wa kwenda Olkaria.

Trekta nyekundu ilikuwa ya dada anayeitwa Njeri, fundi wa umeme kwenye mitambo ya mvuke. Babake alimwachia. Tulikuwa tumeongea kwa simu mimi na yeye, akasema siku hiyo atakuwa kazini mpaka saa saba lakini mamake atakuwepo. Alisahau kumwambia mamake.

Mzee Kibet alikuwa amevaa koti lake la Jumapili na kofia, mkononi fimbo. Mimi nilivaa suti yangu ya buluu ya mikutano. Lango likafunguliwa na mama mmoja mnene mwenye leso mpya kabisa, nyuma yake wanawake wengine sita, wote wamejipamba.

"Hodi, mama," alisema Mzee Kibet. "Tumetoka mbali."

"Tunajua mmetoka mbali!" Yule mama akapiga makofi. "Mmekuja mapema! Karibuni, karibuni nyumbani!"

Wale sita wakapiga vigelegele. Nikajiambia watu wa Naivasha wana ukarimu wa ajabu. Tukaingizwa sebuleni, tukakalishwa kwenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vyeupe, tukaoshwa mikono. Chakula kikaanza kupita: mukimo wa viazi na majani ya maboga, maharagwe meusi ya njahi, mbuzi wa kukaanga, chapati zilizokunjwa, soda za kila rangi. Tulikuwa na njaa. Tulikula.

Aliyetupokea, ambaye sasa najua ndiye Mama Njeri, alikaa mbele yetu, mikono magotini. "Basi. Semeni kilichowaleta, ingawa tunakijua."

Mzee Kibet alifuta mdomo. "Sisi ni watu wa shamba. Tumesikia hapa kuna mmoja, tukasema tuje tumwone."

"Yuko," alisema Mama Njeri, macho yaking'aa.

"Ana miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

Mzee alifikiri. "Si mchanga. Lakini akitunzwa vizuri, bado ana kazi ndani yake."

Mmoja wa wale sita alikohoa.

"Tulisikia alianza kwa shamba la maua," akaendelea.

"Miaka minne. Na hawakuwahi kumlalamikia."

"Asubuhi kukiwa na baridi, anasumbua kuamka?"

"Huyo? Saa kumi na moja yuko macho, bila kuitwa."

"Vizuri sana. Na anakunywa?"

Mama Njeri alikaza leso. "Anakunywa nini?"

"Si lazima aseme ukweli wote leo," alisema Mzee Kibet kwa heshima kubwa, "lakini wengi wa umri wake wanakunywa sana, hasa wakipanda mlima."

"Mtoto wangu hajawahi kuonja! Hata tone! Muulize mchungaji!"

Hapo ndipo chapati iliponikwama kooni. Niliona vitambaa vyeupe, niliona vigelegele, niliona kofia na fimbo ya Mzee Kibet, na yote yakajipanga. Nilimpiga teke chini ya meza, lakini nilikuwa nimekaa upande wa kushoto wake, na hata mguu wa upande huo unaonekana hausikii.

"Usikasirike, mama," aliendelea. "Sisi tutamlipia vizuri. Tunaomba tu kumjaribu kwanza, hapo kwa shamba, nusu saa. Mwalimu pia atampanda."

Sitaandika kelele zilizofuata. Mwanamke mmoja alishika mwiko. Mimi nilisimama nikapaza sauti yangu ya darasani, ile ambayo sijaitumia tangu nistaafu: "TREKTA! Tumekuja kuangalia trekta!"

Wakati huohuo mlango ukafunguliwa, akaingia dada mwembamba mwenye ovaroli na kofia ya kazi mkononi. Akatutazama sisi, akatazama sahani tupu, akatazama shangazi yake mwenye mwiko.

"Mathe," alisema polepole, "hawa si kina Kiptoo. Hawa ni watu wa tinga, ile trekta."

Njeri anaolewa na Kiptoo, wanafanya kazi pamoja. Wakwe walikuwa wanatarajiwa siku hiyohiyo kutoka Moiben, upande wa Eldoret: mzee wa Kikalenjin mwenye kofia na mama mmoja. Kwa simu walikuwa wamesema gari limewaharibikia njiani na watachelewa, ila aliyepokea ujumbe huo ni Njeri, akiwa kazini.

Nilitaka ardhi inimeze. Tulikuwa tumekula chakula cha wakwe. Mama Njeri alituangalia kwa muda mrefu, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, na wale sita wote wakamfuata.

"Anasumbua kuamka!" alisema akipangusa machozi. "Na mimi nimemjibu!"

Mzee Kibet ndiye wa mwisho kuelewa. Nilipomwambia kwenye sikio la kulia, alivua kofia, akasimama. "Mama, nisamehe. Lakini kama nilivyoambiwa hapa, huyo binti yako ni mzima kabisa. Asikose kuolewa."

Kwenye uwanja nyuma ya nyumba

Njeri alitupeleka bandani huku jikoni wakianza kupika upya. Nyekundu ilikuwa pale, imeoshwa. Mzee Kibet alipoiona aliharakisha kama mtu aliyekutana na rafiki wa ujana. Aliendesha ya namna hiyo miaka ishirini. Alipoweka bisibisi mdomoni, alifumba macho.

"Kama cherehani," alisema. "Mwalimu, kama cherehani ya mama."

Kisha akaniambia nipande. Nilikataa. Akasema trekta ya kikundi ambayo mwenyekiti anaiogopa haitakuwa ya kikundi, itakuwa ya dereva. Nikapanda, suti yangu ya mikutano ikiwa imepandishwa magotini. Klachi hapa, gia hapa, achilia polepole. Iliruka mara moja kama mbuzi, ikazimika. Mara ya pili ikatembea. Mimi, mwenye miaka hamsini na nane, nilizunguka uwanja ule wote nikipiga kelele ambazo sijui zilitoka wapi. Niliposhuka nilikuwa nimeshaamua. Ningeilipia palepale.

Njeri alikuwa amesimama, mikono nyuma. "Mwalimu, mashamba yenu yakoje? Tambarare?"

"Machache. Mengi yako kwenye mteremko."

Alifunga plau, akapanda mwenyewe, akaipeleka pembeni mwa shamba palipo na ukingo unaopanda. Nyekundu ilipanda hatua kumi hivi, magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka mahali pamoja, yakachimba shimo. Akarudi chini, akajaribu tena. Vilevile. Akazima injini.

"Na hapa pamekauka," alisema. "Kwenu kukiwa na matope, itawaacha. Baba aliwahi kuipeleka Kinangop, ikarudi ikivutwa. Sitaki mnunue halafu mnilaani."

Nilimtazama Mzee Kibet nikitumaini atakataa. Alikuwa ameweka mkono juu ya boneti.

"Nampenda huyu, Mwalimu," alisema. "Lakini hatafika kwa nusu ya watu wetu."

Nawaambia ukweli, niliumia. Nilikuwa nimeshaiona nyekundu kwenye shamba langu, ambalo ni tambarare. Na hilo ndilo lililonishtua: tulioipigia nyekundu kura, karibu sote tuna mashamba ya chini. Wa buluu ni wa juu. Hatukuwa tumebishana juu ya trekta mwezi mzima. Tulibishana kila mtu akiangalia shamba lake, na hakuna aliyesema.

Nilienda jikoni kumwambia Mama Njeri kwamba tumekula chakula cha binti yake na hatuchukui trekta yake. Nilianza kwa kuzunguka. Alinikatiza.

"Mwalimu, kama haiwafai, haiwafai. Shika kisu hicho unisaidie na vitunguu, wageni wanakuja."

Wakwe wa kweli walifika saa kumi. Baba yake Kiptoo alishuka kwenye gari, akasalimia, akaiona nyekundu imesimama uwanjani na plau yake, akawapita wale wanawake wote na vigelegele vyao akaenda moja kwa moja kwake. Moiben ni tambarare kama meza. Mzee Kibet akamfuata. Wakaongea Kikalenjin wakiwa wameinama chini ya injini, na ilibidi mama yake Kiptoo aende kumvuta mumewe mkono aje aseme kilichomleta. Tuliposhiriki chakula kwa mara ya pili, tulikaa upande wa wakwe, kwa sababu Mama Njeri alisema tumeshazoea viti vile. Na nyekundu imepata kwao. Itamfuata Njeri Moiben, na sijaona trekta iliyoozwa vizuri kuliko hiyo.

Kurudi Nakuru

Nililala kwa Mama Njeri nikiwa na hofu mpya. Iliyobaki ilikuwa ya buluu, na ya buluu ina taa. Asubuhi Njeri alinikuta nje nakunywa chai peke yangu, nikamweleza.

"Taa tu? Injini haizimiki?"

"Haizimiki."

"Leo siendi kazini. Twende niione."

Jumapili mchana tulikuwa Section 58. Mama Zuhura alipotoka na chai alimkuta Njeri amelala chini ya usukani, miguu tu nje, anapima nyaya kwa mita yake ndogo ya umeme. Mzee Kibet alimshikia tochi, akimuuliza kila waya unaenda wapi, na kila alipojibiwa alirudia jibu kwa sauti ili alikariri. Sijawahi kumwona mzee huyo akikubali kuwa mwanafunzi.

Baada ya kama saa moja Njeri alitoka, vumbi kwenye nyusi, ameshika kipande cha waya kifupi kuliko kidole. Umetafunwa.

"Panya," alisema.

"Panya?" Mama Zuhura alikaa kwenye ndoo. "Mwaka mzima? Mafundi wawili, na ubongo umeungua, kumbe panya?"

Njeri aliunganisha waya mpya, akaufunga, akamwambia Mzee Kibet awashe. Injini ikaguruma. Taa iliwaka, ikakaa kidogo, ikazimika. Mama Zuhura alipiga kigelegele kirefu cha pwani, na mimi nikampigia makofi kama mtoto. Nilimwambia hapohapo tunaichukua. Alisema sawa, kisha akaenda upande wa pili wa trekta akakaa huko kidogo peke yake, mkono juu ya gurudumu, tukamwachia nafasi. Aliporudi alikuwa na macho mekundu na sahani ya mahamri.

Nakuru hadi nyumbani, kwa mwendo wa trekta

Jumatatu Mzee Kibet aliiendesha, mimi nimekaa kwenye kiti kidogo cha pembeni, mkoba mapajani. Mwendo huo una faida yake: unaona kila kitu. Niliona wanawake wa Njoro wakianika nguo, nikawapungia, wakanipungia. Watu wa bodaboda walitupita wakisema, "Niaje boss!" na mzee akawajibu kila mmoja, "Mzima!" Tulisimama mara tatu kula. Mawingu yalikuwa yanatufuata kutoka upande wa ziwa, meusi, na tulipoacha lami kuingia barabara yetu ya udongo, mvua ya kwanza ya msimu ikashuka.

Mnaijua barabara ile ikilowa. Kwenye mlima wa mwisho pikapu ya maziwa ilikuwa imelala kando, imezama mpaka milangoni, na dereva amesimama kwenye mvua amefunika kichwa kwa gunia. Nyuma yake magari mengine mawili hayakuweza kupita.

Mzee Kibet alishuka na mnyororo. Kuufunga na kuuelekeza kunahitaji mtu wa chini anayejua. Akanitazama pale juu. "Mwalimu, hamia kwa usukani."

"Mimi?"

"Kwani kuna mwingine?"

Niliweka gia ya kwanza. Viatu vyangu vya mikutano vilikuwa na matope kiasi kwamba sikujua ni mguu upi uko kwenye klachi. Mzee akainua mkono. Niliachilia polepole, nikahisi magurudumu yote manne yakiuma udongo, mnyororo ukakaza, na kwa sekunde chache hakuna kilichosogea. Halafu kila kitu kikasogea. Pikapu ilitoka kwenye shimo kwa sauti ya mtu anayevua buti, na nikaivuta mpaka juu kabisa ya mlima, nikiimba sijui nini.

Dereva alikuja mbio. "Asante, mathe! Mungu akubariki! Hii tinga ni ya nani?"

Nilifungua mdomo kusema ni ya kikundi cha watu kumi na wawili, wengine walitaka nyekundu, lakini tukaamua. Maneno yote hayo yakaniondoka.

"Ni yetu," nilisema.

Alitupatia debe zima la maziwa, tukalifunga nyuma ya kiti. Nyumbani walikuwa wamesimama chini ya mabati ya kituo, wa buluu upande mmoja na wa nyekundu upande mwingine. Kabla ya kushuka niliwaambia nilichokiona Naivasha: kwamba kila mmoja wetu, nikiwemo mimi, alikuwa amelipigia kura shamba lake mwenyewe, na kwamba tutaanza kulima kutoka juu. Hakuna aliyebisha. Baba Wafula, aliyekuwa mkali kuliko wote upande wetu wa nyekundu, aliizunguka mara moja, akauliza kama kuna mtu aliyeleta majani ya chai. Yakaletwa. Maziwa yalitosha wote.

Tulilima siku nne mfululizo, Mzee Kibet akiendesha na kufundisha, mmoja baada ya mwingine, hata wenye woga kuliko mimi. Mvua iliposhika kweli, mbegu za familia zote kumi na mbili zilikuwa chini ya udongo. Siku hiyo nilifunga mlango, nikavua viatu, nikalala saa nane mchana huku mabati yakipigwa ngoma juu yangu, na sikuamka mpaka majirani walipokuja kuuliza kama mimi ni mgonjwa.